Kocha Hachaguliwi kwa Pasipoti Wala kwa Ukoo

Gazeti hili limesikiliza mabishano ya kutosha. Sokoni Kasongo, kwenye vituo vya pikipiki Kabambare, machimboni Salamabila, timu ya taifa, Léopards, ikifungwa bao moja tu, swali ni lile lile: kocha anaondoka lini, na nani anakuja? AS Maniema Union ikitoka sare, majina ya makocha wapya yanatajwa kabla wachezaji hawajavua viatu. Wengine wana orodha mfukoni. Wengine wameshamfukuza kocha mara tatu msimu huu, na kila mara wamemrudisha timu iliposhinda.

Hatuna ugomvi na mabishano yenyewe. Mpira ni mali ya watu, na mtu wa Samba au Lusangi anayefuata mechi kwa redio, betri zikiisha nguvu dakika ya themanini, ana haki sawa na mwenye kiti cha heshima Stade des Martyrs. Tena watu wa mashariki wana haki ya ziada. Tarehe 7 Februari 2024, Abidjan, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Ivory Coast, wachezaji wetu walisimama wakati wa wimbo wa taifa, kiganja kimoja kimeziba mdomo, vidole viwili vya mkono wa pili vimeelekezwa kichwani kama bunduki. Walikuwa wanaiambia dunia kuhusu wanaouawa mashariki ya Kongo huku dunia ikinyamaza. Timu iliyobeba ujumbe huo si timu ya Kinshasa peke yake. Anayekaa kwenye benchi lake ni jambo la watu wa Kabambare pia, na asitokee wa kuwaambia wanyamaze.

Tunachokikataa ni namna tunavyobishana. Tunauliza nani, hatuulizi kwa njia gani. Nani anamchagua kocha, kwa vigezo vipi, analipwa na mfuko upi, amepewa muda gani, na akiondoka kiti anamwachia nani: maswali hayo hayana mshabiki. Na huku kwetu kusini mwa jimbo la Maniema tuna kosa letu wenyewe juu ya hilo la jumla. Tunamlilia mtoto wa nyumbani apewe timu, ilhali hatujafanya lolote ili mtoto huyo awe kocha.

Tuanze na hoja inayopendwa kuliko zote, ya pasipoti.

Kambi moja inataka mzungu. Itakukumbusha Addis Ababa 1968, tulipoifunga Ghana 1–0 kwa bao la Kalala na kutwaa Kombe la Afrika chini ya Ferenc Csanádi, Mhungaria. Itakukumbusha Cairo 1974, Ndaye Mulamba alipofunga mabao 9 katika mashindano mamoja, rekodi ambayo haijavunjwa, na kocha alikuwa Blagoje Vidinić kutoka Yugoslavia. Baada ya hapo kambi hiyo hunywa maji na kunyamaza, kwa sababu vikombe vya Kombe la Afrika viliishia hapo.

Kambi ya pili huanzia pale ya kwanza ilipokomea. Ouagadougou 1998, chini ya Louis Watunda, Léopards walikuwa nyuma 4–1 dhidi ya wenyeji Burkina Faso na dakika zinayoyoma. Wakasawazisha 4–4, wakashinda kwa penalti, wakawa wa tatu Afrika. Abidjan 2009, CHAN ya kwanza kabisa, kombe lilibebwa na Mutubile Santos. Mwaka 2015 Florent Ibenge alitupa nafasi ya tatu ya Kombe la Afrika, Guinea ya Ikweta, na mwaka uliofuata, Kigali, akaichapa Mali 3–0 na kuleta CHAN ya pili. Wote hao ni Wakongo. Hoja ya kambi hiyo ina uzito, ila waitaje yote: CHAN ni mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani, na Mkongo aliyekesha viwanja vya Lubumbashi na Kinshasa anawajua wachezaji hao kwa majina, kwa miguu na kwa majeraha. Ni ujuzi uliomfaa, wala hautokani na damu. Mgeni anayekubali kukesha viwanja hivyo hivyo ataupata, na Mkongo anayeishi Brussels bila kuja kuangalia mechi moja ya ligi yetu ya Linafoot hatakuwa nao.

Kisha akaja Mfaransa, Sébastien Desabre, na mwaka 2024 akatufikisha nafasi ya nne Afrika, baada ya kuwatoa Misri kwa penalti ambayo kipa Lionel Mpasi aliipiga mwenyewe. Pasipoti haikushinda upande wowote. Kwa zaidi ya nusu karne tumeshinda na wageni, tumeshinda na wenyeji, na tumeshindwa na wote wawili. Anayetaka kuendelea na ubishi huu aendelee, lakini ajue anabishania jambo ambalo historia yake mwenyewe imeshalifunga.

Hoja ya pili ni ile ya uamuzi mmoja. Shabiki wetu humhukumu kocha kwa badiliko moja la mchezaji, na badiliko hilo huhukumiwa kwa matokeo tu. Wazee bado wanaisimulia Gelsenkirchen, Kombe la Dunia, Juni 1974, kwa sauti ya chini. Mbele ya Yugoslavia, tukiwa tumeshafungwa mabao matatu mapema mno, Vidinić alimtoa kipa Kazadi Mwamba akamwingiza Tubilandu. Mechi ikaisha 9–0. Mpaka leo wapo wanaoapa kwamba yule bwana aliiuza timu kwa nchi yake. Hawasemi kwamba Vidinić mwenyewe alikuwa kipa, tena kipa wa medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Rome 1960. Kuhusu magolikipa alikuwa na haki ya kuwa na maoni. Alikosea, na kosa lake lilikuwa la mtu anayeijua kazi.

Sasa twende Rabat, tarehe 16 Novemba 2025. Kongo na Nigeria, 1–1, muda wa nyongeza unakwisha, mchujo wa Afrika wa kuelekea Kombe la Dunia. Desabre anamtoa Mpasi, shujaa wa penalti dhidi ya Misri, anamwingiza Timothy Fayulu ambaye hajagusa mpira usiku mzima. Fayulu anaokoa penalti mbili, nahodha Chancel Mbemba anapiga ya mwisho, tunashinda 4–3. Vijiji vizima vililala asubuhi. Lakini tujiulize bila kuoneana aibu: kama Fayulu asingeokoa hata moja, ni nani kati yetu angemtetea Desabre? Tungemwita mwendawazimu aliyemtoa kipa wa penalti ili aweke wa akiba. Kitendo kile kile cha 1974, miaka 51 baadaye, kimemfanya mmoja msaliti na mwingine fundi. Wala hatukuangalia mazoezi, wala hatukuuliza walijiandaa vipi. Tuliangalia ubao wa matokeo, tukaita hiyo ni kujua mpira.

Na miezi miwili tu kabla ya Rabat? Tarehe 9 Septemba 2025, Kinshasa, tulikuwa mbele 2–0 dhidi ya Senegal, tukamaliza tumefungwa 3–2 na kupoteza uongozi wa kundi la kufuzu Kombe la Dunia. Usiku ule kila mtu alikuwa na jina la kocha mpya. Laiti wenye mamlaka wangefuata kelele, tungekwenda Rabat na mgeni asiyewajua wachezaji, kuikabili Cameroon na Nigeria ndani ya siku nne. Walimwacha Desabre kazini. Kwa mara moja tunawapongeza kwa kutofanya kitu.

Habari ya mwaka 2022 inastahili kusimuliwa polepole, maana ndiyo mfano mzuri kuliko yote tulio nao wa namna kocha anavyotafutwa, kwa ubaya na kwa uzuri.

Mei 2021, baada ya Christian Nsengi Biembe kushindwa kutupeleka Kombe la Afrika, aliletwa Héctor Cúper wa Argentina. Jina lilikuwa la kujaza mdomo: fainali mbili mfululizo za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya akiwa na Valencia, 2000 na 2001, na fainali ya Afrika 2017 akiwa na Misri. Mashabiki waliridhika na jina. Hakuna aliyeuliza kama mtindo wake unafanana na wachezaji tulio nao, wala kama atawafuatilia vijana wa ligi ya nyumbani. Machi 2022 tulitoka sare ya 1–1 na Morocco nyumbani, tukafungwa 4–1 Casablanca, Kombe la Dunia likatuponyoka. Juni tukaanza kufuzu Kombe la Afrika kwa kufungwa na Gabon 1–0 Kinshasa, kisha na Sudan 2–1 ugenini. Cúper akaondoka, na timu ilikuwa haina pointi hata moja.

Agosti mwaka huo akateuliwa Desabre. Jina lisilojaza mdomo hata kidogo. Alikuwa anatoka Niort, klabu ya daraja la pili Ufaransa. Hata hivyo, nyuma ya jina hilo dogo kulikuwa na miaka mingi ya kazi ya bara hili: ASEC Mimosas, Coton Sport ya Garoua, Wydad ya Casablanca, Ismaily, Pyramids, na timu ya taifa ya Uganda. Sisi tulikuwa na sababu ya kumjua kuliko wengine. Tarehe 22 Juni 2019, Cairo, katika mechi yetu ya kwanza ya Kombe la Afrika, Uganda walitufunga 2–0, mabao ya Kaddu na Okwi. Kocha wa Uganda alikuwa Desabre. Kocha wetu alikuwa Ibenge.

Kutoka kundi lisilokuwa na pointi, Desabre aliifunga Mauritania, akaenda Gabon akashinda 2–0, akaichapa Sudan 2–0 Kinshasa, akamaliza akiongoza kundi. Somo ni hili: mwenye sifa za kazi alipatikana kwa kuangalia kazi aliyofanya, katika mazingira yanayofanana na yetu, na wachezaji wanaofanana na wetu. Yule wa jina kubwa alipatikana kwa kuangalia picha za zamani za Ulaya. Mashabiki wakitaka kubishana kwa faida, wabishanie hapo: huyu mnayemtaka amefanya nini, wapi, na vijana wa namna gani?

Na Ibenge? Hapa sauti yetu inapanda, kwa sababu hapa taifa zima linastahili kukemewa.

Kwa miaka mitano Ibenge aliibeba timu ya taifa na AS Vita Club kwa wakati mmoja, akaifikisha Vita fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2014 na ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018. Hakuna mtu mwenye akili anayeweza kuuita huo mpango wa kazi. Ilikuwa ni kumtumia mtu mmoja kuziba mashimo mawili. Tulipoongoza 2–0 dhidi ya Tunisia Kinshasa, Septemba 2017, tukamaliza 2–2 na kukosa Kombe la Dunia kwa tofauti ya pointi moja, tulimlaani. Tulipotolewa na Madagascar kwa penalti mwaka 2019, tulimlaani tena, naye akajiuzulu. Mei 2022, siku chache kabla Cúper hajafungwa na Gabon na Sudan, Ibenge alikuwa ananyanyua Kombe la Shirikisho na RS Berkane ya Morocco. Baadaye akaifundisha Al Hilal ya Omdurman huku vita vya Sudan vikiifukuza klabu hiyo nyumbani kwake hadi ikaenda kucheza ligi ya Mauritania. Mwaka 2025 akaenda Azam ya Dar es Salaam, na katika miezi yake ya kwanza akaiingiza hatua ya makundi ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia ya klabu.

Ibenge si malaika, na hatusemi arudishwe. Tunasema alipoondoka hakuna aliyekaa naye kuandika alichojua. Wachezaji gani wanakaribia kukomaa, makosa gani yarekebishwe, wasaidizi gani wa Kikongo wamelelewa wa kushika kiti: kama vilikuwepo, viliondoka naye. Kila kocha mpya wa Kongo huanza na karatasi tupu. Huo ndio uzembe, na mwenye uzembe huo si kocha.

Mshahara wa kocha wa timu ya taifa hutoka hazina ya serikali kupitia wizara ya michezo. FECOFA, shirikisho la soka la Kongo, ndiyo inayotambuliwa na FIFA. Kwa hiyo kocha ana mabwana wawili: mmoja ana pesa, mwingine ana muhuri, na lawama zote zinamwangukia yeye. Tena FECOFA yenyewe, mwaka 2023, iliwekewa na FIFA kamati ya muda ya kurekebisha mambo, kwa sababu nyumba ilikuwa imeparaganyika. Katika hali hiyo, kumjadili kocha peke yake ni kuwapa wakubwa likizo. Kila mara tunapopiga kelele za jina, waziri na shirikisho wanashukuru Mungu: hakuna aliyewauliza mkataba una muda gani, malipo yanatolewa kwa wakati au la, na timu za vijana zinafundishwa na nani.

Kuna msomaji atatuambia: mbona Yanga wanabadilisha makocha kila kukicha na wanachukua ubingwa? Ni pingamizi la haki, na watu wa huku wanaifuata Yanga kwa karibu tangu vijana wetu walipoanza kwenda Dar. Kweli, Miguel Gamondi aliondoka Novemba 2024, akaja Sead Ramovic, akaondoka Februari, akaja Miloud Hamdi, akaondoka kiangazi, akaja Romain Folz, akaondoka Oktoba 2025. Na katikati ya vurugu hiyo Yanga walichukua ubingwa wa Tanzania. Lakini Yanga wana pesa ya kununua mchezaji aliyekwisha kuiva. Mmoja wao, Maxi Nzengeli, walimchukua mwaka 2023 kutoka Maniema Union. Klabu inayonunua inaweza kumchezea kocha karata. Klabu inayolea haiwezi, na Maniema ni jimbo linalolea. Maxi hakufundishwa kudhibiti mpira na kocha aliyekaa miezi mitatu.

Hapo tumefika nyumbani, na hapa hatutapaka mafuta.

Maniema Union ilianzishwa Kindu mwaka 2005, na msimu wa 2024–25 ilifika makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, kundi moja na Raja Casablanca, AS FAR na Mamelodi Sundowns. Klabu ya jimbo lisilo na barabara ilikaa meza moja na matajiri wa Afrika, na kwenye benchi alikuwa Mkongo, Papy Kimoto. Hilo ni jambo la kujivunia bila masharti. Badala yake, kila timu ikiyumba, mazungumzo ya Kasongo na Kabambare yanageuka: huyu ni wa upande gani? Kwa nini kaskazini tu? Lini atapewa mtu wa kwetu? Kisha yanashuka zaidi, hadi Mkusu, Mzimba, Mbangubangu, hadi ukoo na kijiji cha mama.

Tunaikemea tabia hii kwa maneno makali tuliyo nayo. Ni sawa na mgonjwa anayekataa dawa mpaka aambiwe daktari alizaliwa wapi. Kusini ina malalamiko ya kweli, na gazeti hili halitaacha kuyaandika. Barabara ya Kasongo kwenda Kindu inamla msafiri siku nzima, wakati wa mvua zaidi. Kabambare imevumilia makundi yenye silaha kwa miaka, na dhahabu yake imetajirisha watu wasioijua hata kwa jina. Uwanja wa maana hatuna. Lakini malalamiko hayo hayalipwi kwa kumkalisha mtu wa kusini kwenye benchi la Kindu. Akishinda, barabara itabaki mbovu. Akishindwa, kusini yote itabebeshwa aibu ambayo haikuitafuta. Wanasiasa wanajua hesabu hii vizuri, ndiyo maana wanatuachia tubishane.

Tena, tuseme tumepewa. Waje leo waseme: Kasongo, leteni kocha wenu. Tutamleta nani?

Ngazi za ukocha zinajulikana. CAF hutoa leseni ya D, ya C, ya B, ya A, halafu Pro. Klabu inayocheza mashindano ya Afrika inatakiwa kuwa na kocha mkuu mwenye leseni A au zaidi, na bila karatasi hiyo hata mjuzi wa wajuzi atatazama mechi kutoka jukwaani. Mtu haamki asubuhi akaipata. Anaanzia chini, anafundisha, anarudi darasani, anapimwa, anapanda. Ni kazi ya miaka. Huku kwetu anayefundisha vijana ni mwalimu wa shule anayekwenda uwanjani saa kumi baada ya vipindi, filimbi yake mwenyewe, mipira miwili ambayo mmoja umeshonwa. Anajua kipaji anapokiona. Lakini kozi zikitangazwa Kindu, Lubumbashi au Kinshasa, nani atamlipia pikipiki, malazi na chakula? Nani atamshikia darasa? Hata akijua kwamba kozi ipo, na mara nyingi habari humfikia kozi imekwisha, atauza mbuzi wa nyumbani ili akasome ngazi ya kwanza, kisha arudi kufundisha bure? Tunamsifu kila mwaka siku ya fainali ya shule, tunampa soda, tunamsahau.

Pesa ya kumpeleka ipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha: asilimia 25 kwa jimbo, na asilimia 15 kwa mji, sekta au uchifu ambako mgodi upo. Makampuni nayo yanapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoyazunguka. Hatudai dhahabu ya mgodi wa Namoya igeuzwe mipira. Kabambare inahitaji zahanati na madaraja kwanza, na atakayesema vinginevyo hana haya. Lakini safari ya walimu wachache kwenda kusoma leseni D ni fedha ndogo kuliko gharama ya mapokezi ya mheshimiwa mmoja, vitambaa na spika zote zikiwemo. Tumeyaona mapokezi hayo. Hatujaona kocha aliyepelekwa.

Kwa mashabiki, basi, hukumu yetu ni kwamba wana hatia ya kelele zisizo na swali. Adhabu yao ni nyepesi: wiki ijayo, kabla ya kutaja jina la kocha mpya, kila mmoja ataje jina la mwalimu anayefundisha watoto wa mtaa wake, na leseni aliyo nayo. Wengi watanyamaza, na ukimya huo utawafaa.

Viongozi wa klabu na wa ligi ya jimbo wana hatia kubwa zaidi. Kocha wa Maniema Union, awe nani, atangaziwe malengo na muda kwa maandishi, na mashabiki wayajue siku anapotia saini. Akiondolewa kabla ya muda huo, aliyemwondoa ajitokeze kwa jina na atoe sababu, asijifiche nyuma ya neno uongozi. Na kila kocha mkuu alazimishwe kufanya kazi na msaidizi mmoja kijana wa jimbo hili, mwenye mkataba, si mbeba koni.

Kwa wizara ya michezo na FECOFA, tunachodai ni kidogo na kinawezekana. Siku Desabre atakapoondoka, kwa kuwa kila kocha huondoka, vigezo vya kumtafuta mrithi vichapishwe kabla ya majina, na si baada. Ripoti yake ya mwisho isibaki kwenye kompyuta yake. Na Mkongo anayefaa asiitwe kwa sababu ni wa bei nafuu, kama ilivyo desturi yetu ya kumkumbuka mwenyeji hazina ikikauka. Aitwe kwa mshahara wa kazi ile ile ambayo mgeni angelipwa.

Maofisa wa michezo wa Kasongo na Kabambare hatuwaachi. Msimu wa kiangazi unakuja, na ndio msimu barabara zinapitika. Tunataka majina: walimu wangapi kutoka kila teritwari watapelekwa kwenye kozi ijayo ya leseni D, nani anawalipia, na mwanamke yumo au hayumo, kwa maana wasichana nao wanacheza huku na wanafundishwa na yeyote aliyebaki bila timu. Orodha ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya teritwari, na nakala iletwe hapa. Tutaichapa jinsi ilivyo. Isipoletwa, tutachapa nafasi yake tupu, na chini yake majina ya waliopaswa kuijaza.